Julia alikuwa nani? Filamu ya urafiki na mwanamke ambaye hakuulizwa



Tangu tulipoanza kuongea hapa juu ya filamu ambazo familia inaweza kuangalia pamoja, swali moja linaturudia kutoka vikundi mbalimbali: filamu inapoanza kwa kusema kwamba kisa chake ni cha kweli, je, tuamini? Mama mmoja aliliuliza vizuri kuliko wengine. Alisema: kama wanawake wawili wamependana katika filamu mpaka sisi tumelia, halafu tunasikia kwamba mmoja wao hakumjua kabisa mwenzake, machozi yetu tuyapeleke wapi?

Juma hili tunajibu kwa mfano mmoja tu, kwa sababu ni mfano mkubwa. Filamu yenyewe inaitwa Julia. Ilitoka mwaka 1977, na aliyeiongoza ni Fred Zinnemann. Ni ya zamani, lakini bado inapatikana, na wanaosikia Kifaransa wanaweza kuiangalia katika lugha hiyo. Vanessa Redgrave anacheza Julia, na Jane Fonda anacheza rafiki yake Lillian. Ilipata Oscar tatu, moja ikiwa ya Redgrave. Mwenye macho makali atamwona pia Meryl Streep, bado kijana, akipita kwa dakika chache katika filamu yake ya kwanza.

Kisa ni hiki. Wasichana wawili wa Marekani wamekua pamoja. Julia anatoka katika familia ya matajiri lakini anachukia namna matajiri wanavyowatendea maskini. Anakwenda kusoma Uingereza, halafu Vienna, mji mkuu wa Austria, kusomea udaktari. Huko anajiunga na watu wanaopinga udikteta. Anapigwa vibaya, analazwa hospitali, na Lillian anasafiri kwenda kumwona. Anamkuta amefungwa bandeji mwili mzima, hawezi kusema. Lillian anakaa pembeni ya kitanda. Siku nyingine anarudi, anakuta kitanda ni kitupu.

Miaka inapita. Mwaka 1937 Lillian, ambaye sasa ni mwandishi wa michezo ya kuigiza mwenye jina, yuko Paris, anataka kwenda Moscow. Mtu asiyemjua anamletea ujumbe: Julia anaomba apite Berlin kwa treni, abebe dola 50.000 za kununulia uhuru wa wafungwa. Lillian ni Myahudi, na Ujerumani wakati ule iko chini ya Hitler. Rafiki yake anamwambia waziwazi kwamba akiona hawezi, asijilazimishe. Anakubali. Pesa zinafichwa ndani ya kofia ya manyoya, na anapewa pia sanduku la chokoleti. Sehemu ya treni ndiyo moyo wa filamu. Mpakani askari wanaingia kupekua, na kila mama aliyewahi kupita kizuizi na kitu ambacho hakutaka kionekane atajua namna tumbo linavyokaza. Berlin, katika mkahawa karibu na stesheni, Julia anamngojea mezani. Anatembea kwa magongo, mguu mmoja hana tena. Wana dakika chache tu. Wanashikana mikono, wanaongea haraka, kofia inabadili mikono. Julia anasema ana mtoto msichana, amempa jina Lilly, jina la rafiki yake. Baadaye Julia anauawa. Lillian anamtafuta yule mtoto huko Alsace, mlango kwa mlango, na hampati.

Sisi tunaipenda filamu hii na hatutaficha. Filamu nyingi zikiwaweka wanawake wawili pamoja, zinawagombanisha juu ya mwanaume au juu ya wivu wa nguo na nyumba. Tamthilia zinazoingia katika nyumba zetu jioni zinafanya hivyo kila siku mpaka tunachoka. Hapa wanawake wawili wanapendana kwa sababu mmoja anamwona mwenzake ni hodari, na anatamani kuwa hodari kama yeye. Hicho ni kitu ambacho tunakijua katika vikundi vyetu, lakini ni mara chache tunakiona kwenye skrini.

Sasa tuje kwenye kitabu. Lillian ni mtu wa kweli: Lillian Hellman, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1905, mmoja wa waandishi wakubwa wa michezo ya kuigiza wa Marekani. Mwaka 1973 alitoa kitabu cha kumbukumbu kiitwacho Pentimento, na sura moja ndani yake ndiyo ya Julia. Aliandika kwa nafsi yake mwenyewe: mimi nilikuwako, mimi nilibeba. Alisema amebadilisha jina la rafiki yake. Neno pentimento lenyewe ni la wachoraji. Rangi ya picha ikizeeka, wakati mwingine mistari ya mchoro wa kwanza, ule ambao mchoraji aliufuta kwa kupaka rangi juu, inaanza kutokeza. Ni jina zuri la kitabu cha kumbukumbu, na kwa upande wa Hellman lilikuja kuwa la kweli kuliko alivyotaka.

Maana kitabu kilipotoka, simu zilianza kulia katika nyumba ya mwanamke mwingine. Marafiki zake walimwambia: wewe ndiwe Julia.

Jina lake ni Muriel Gardiner. Alizaliwa Chicago mwaka 1901, katika familia iliyotajirika kwa biashara ya nyama. Alisoma Marekani, halafu Oxford, Uingereza. Mwaka 1926 alikwenda Vienna kwa sababu alitaka kujua kazi ya Sigmund Freud, daktari wa mambo ya akili, na baadaye akaingia chuo kikuu cha Vienna kusomea udaktari. Alikuwa na mtoto mmoja, msichana, ambaye alimlea huko huko. Februari 1934 serikali ya Austria ilitumia mizinga juu ya nyumba za wafanyakazi na kupiga marufuku chama chao. Gardiner angeweza kufunga masanduku yake na kurudi kwao; alikuwa na pasporti ya Marekani na pesa za kutosha. Alibaki. Aliingia katika kazi ya siri, akapewa jina la siri Mary. Alificha watu katika nyumba zake, akapitisha pasporti za bandia, akatoa pesa zake. Mmoja wa aliowaficha, Joseph Buttinger, alikuwa kiongozi wa wasoshalisti waliofanya kazi kwa siri. Baadaye alikuwa bwana yake. Machi 1938 Hitler alipochukua Austria, Gardiner alimtanguliza mtoto mahali pa usalama, yeye akabaki miezi kadhaa mpaka akamaliza mitihani ya udaktari na kuwatoa watu aliokuwa bado anaweza kuwatoa. Halafu akarudi Marekani, akafanya kazi yake ya udaktari wa akili, akanyamaza.

Tuweke mambo haya pembeni ya Julia. Mmarekani tajiri, Oxford, Vienna, Freud, udaktari, kazi ya siri, mtoto msichana. Yanafanana mno. Lakini Gardiner hakukatwa mguu. Hakuuawa mwaka 1938. Kitabu kilipotoka alikuwa hai, mama mzee mwenye wajukuu. Na jambo lililo kubwa kuliko yote: hakuwahi kumwona Lillian Hellman hata siku moja. Hakukuwa na kofia, wala mkahawa wa Berlin, wala mikono iliyoshikana mezani.

Basi Hellman alijuaje? Inaonekana njia ilikuwa fupi. Gardiner alikaa miaka mingi nyumba moja, pande mbili, na familia ya avoka mmoja, na avoka huyo ndiye alikuwa pia avoka wa Hellman. Avoka alipenda kuongea. Wamama, ninyi mnajua namna habari inavyopita ukuta wa jirani.

Mwaka 1976 Gardiner alimwandikia Hellman barua, kwa upole, akisema mambo yao yanafanana sana. Hakupata jibu. Hellman alisema baadaye kwamba hakumbuki kupokea barua hiyo. Mwaka 1983, akiwa na miaka zaidi ya themanini, Gardiner alitoa kitabu chake mwenyewe juu ya miaka ya Vienna, chenye jina lake la siri. Hakudai kwamba yeye ni Julia. Alisema tu kwamba amejaribu kutafuta mwanamke mwingine wa Marekani aliyefanya kazi ile Vienna. Aliuliza mkuu wa nyumba ya kumbukumbu za upinzani wa Austria, naye akawauliza waliobaki hai. Wote walimtaja mmoja tu: Mary.

Kabla ya hapo moto ulikuwa umeshawaka mahali pengine. Januari 1980 mwandishi Mary McCarthy aliulizwa katika televisheni ni waandishi gani wanaosifiwa kupita kiasi. Akamtaja Hellman, akasema kila neno analoandika ni uongo, mpaka vile viunganishi vidogo vidogo. Hellman alimshitaki, akadai dola 2.250.000. Watu wakaanza kupekua maandishi yake kama wakaguzi wa mahesabu. Martha Gellhorn, mwandishi wa habari aliyekuwa Hispania wakati wa vita, alilinganisha tarehe za Hellman na zake mwenyewe, akaona hazikai. Mwaka 1984 Samuel McCracken alichukua kisa cha Julia akakipima kwa saa za treni na safari za meli, akaonyesha kwamba hakisimami. Mwaka huo huo, mwezi wa sita, Hellman akafa, na kesi ikaachwa. Gardiner alifuata mwaka 1985. Julia wa Hellman, kama mtu aliyekuwako, hajaonekana mpaka leo.

Wako wanaosema: na kisha? Kumbukumbu za kila mtu zinapinda. Hilo ni kweli, na sisi tulio walimu tunalijua. Waambie watoto arobaini waandike juu ya mvua iliyoezua bati la shule, utapata mvua arobaini. Mmoja ataandika ilikuwa asubuhi, mwingine mchana. Mmoja ataandika aliokoa daftari za wenzake, na wenzake watacheka. Hatumpigi mtoto kwa sababu ya saa. Dada wawili wanaweza kumkumbuka mama yao kwa namna ambazo hazipatani, na hakuna anayedanganya. Kama kosa la Hellman lingekuwa tarehe na treni, tungepita.

Lakini hili si jambo la kusahau. Mtu anaweza kusahau mwezi, hata mji. Hawezi kusahau kwamba rafiki wa maisha yake yote hakuwa rafiki yake. Hellman alikuwa na njia nyingine wazi mbele yake, na aliijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndiyo kazi iliyompa jina: angeandika mchezo wa kuigiza. Mwaka 1941 alifanya hivyo, akatunga Watch on the Rhine, juu ya mtu anayepigana na Wanazi, na watu waliusifu bila kumuuliza kama alikuwako. Angetunga Julia namna ile ile, tungelia vile vile, na hakuna aliyeibiwa. Lakini alichagua kusema «mimi», na neno hilo moja likamweka ndani ya treni mahali pa wale waliopanda treni kweli.

Na tazameni namna alivyompanga mwenzake. Katika kisa, mwenye kufanya kazi anakufa mapema, na mwenye kusimulia anabaki hai, analia, anaheshimiwa. Mfu hawezi kuandika barua. Kwa bahati mbaya ya kitabu, huyu aliandika.

Madhara yake hayakuishia kwa Gardiner. Mwaka 1952, wakati serikali ya Marekani iliwaita watu mbele ya kamati ya bunge ili wawataje marafiki zao waliokuwa wakomunisti, Hellman alikataa kuwataja watu wengine. Aliandika barua kwa kamati, na barua hiyo iko, imehifadhiwa. Lilikuwa tendo la urafiki wa kweli, na la hatari. Lakini baada ya habari ya Julia, wengi walianza kutilia shaka hata hilo. Alichokiazima kiliharibu alichokuwa nacho.

Tuchukue filamu nyingine upesi, tupime. Paradise Road ya Bruce Beresford, mwaka 1997, inasimulia wanawake waliofungwa na Wajapani katika kisiwa cha Sumatra wakati wa vita vya pili vya dunia. Hawakuwa na vyombo vya muziki, basi walitengeneza kwaya iliyoimba muziki wa okestra kwa sauti tupu, bila maneno. Walioianzisha walikuwa Norah Chambers, aliyesomea muziki London, na Margaret Dryburgh, mmisionari. Dryburgh aliandika muziki kutoka kichwani, noti kwa noti. Alifia kambini mwaka 1945. Zaidi ya nusu ya waimbaji hawakurudi nyumbani. Filamu ilibadilisha majina ya wakubwa hao wawili na kuongeza mambo yake, kama filamu zote. Hata hivyo msingi unasimama, kwa sababu hakusema mtu mmoja. Muuguzi mmoja wa Australia aliyekuwa katika kwaya, Betty Jeffrey, aliweka daftari la siri ambalo lilikuja kuwa kitabu mwaka 1954. Wengine walionusurika walisimulia wakiwa Uholanzi, Uingereza na Marekani. Na karatasi za muziki zenyewe zilitoka kambini: mmoja wa walioimba alizitunza, zikafika chuo kikuu cha Stanford huko California, na kwaya za wanawake zimeziimba tena. Hapo mama aliyetuuliza juu ya machozi yake ayaache yaanguke bila wasiwasi.

Kwa nini tunaongea mambo haya ya Vienna na Sumatra katika karatasi ya wamama wa hapa? Kwa sababu sisi tunaishi kwa ushuhuda. Katika mikutano yetu mama anasimama na kusema yaliyompata, na wengine wanapata nguvu ya kusema yao. Na hapa mashariki mwa Kongo, tangu miaka ya vita, watu wengi wamekuja na daftari na kamera kuandika yaliyowapata wanawake. Mengi yamevuka mipaka, yamekuwa vitabu na filamu. Ni vizuri yamejulikana. Lakini mara ngapi tumesikia kisa cha mama wa kijiji fulani kikisimuliwa katika semina na mtu mwingine, aliyevaa vizuri, kwa neno «mimi»? Au «rafiki yangu mpenzi», kumbe hawajawahi kula pamoja hata sahani moja ya bugali? Anayefanya hivyo mara nyingi hana moyo mbaya. Anaona kwamba kisa kikiwa chake kitasikiwa zaidi, mfadhili atafungua mfuko. Halafu siku moja mtu anapekua, anakuta haikuwa hivyo, na kesho yake mama mwenye jeraha lake halisi anaposimama, kuna anayemnong'oneza jirani: hawa wanatunga.

Kuna vikundi vilivyojiwekea desturi ndogo ambayo sisi tunaisifu. Anayetoa ushuhuda anaanza kwa kusema moja ya maneno matatu: «niliona», «niliambiwa na mwenyewe», au «nilisikia watu wakisema». Na kama ni kisa cha mwenzake, anasema kama mwenzake amekubali kisimuliwe. Mwandishi wa kikundi anaandika hivyo hivyo katika daftari. Kisa hakipoteki nguvu kwa sababu hiyo. Mama anayesema «haya yalimpata jirani yangu, aliniambia mwenyewe, akaniruhusu niwaambie» anasikilizwa, na zaidi ya hapo, jirani anaweza kukaa katika mstari wa mbele bila aibu.

Nyumbani pia tunaweza kuwazoeza watoto. Mtoto akileta hadithi kali ya shule, tusimkatize kwa kumwita mwongo. Tumuulize: hiyo uliona au ulisikia? Akijibu «nilisikia», tumsikilize kwa hamu ile ile. Akiona kwamba hapati hasara kwa kusema kweli, hatakuwa na haja ya kujiweka katikati ya kila jambo.

Kwa vikundi vinavyotaka kuangalia Julia: inachukua karibu saa mbili. Wadogo walale kwanza, maana kuna watu wanapigwa vibaya, na sigara na pombe ni nyingi mno kwa macho ya watoto. Isimamisheni baada ya mkahawa wa Berlin, kabla ya mwisho. Mtu mmoja awasimulie wengine maisha ya Muriel Gardiner kama tulivyoyaandika hapa. Halafu malizeni filamu. Ile sehemu ambapo Lillian anamtafuta mtoto Alsace mtaiona kwa macho mengine, maana mtoto halisi wa mwanamke halisi alikuwa salama.

Juma lijalo, kama tulivyoahidi, tutaongea juu ya filamu za wakwe na mabinti-wakwe. Barua zimekuwa nyingi, na nyingine ni kali. Mtuandikie mkisema wazi: mliona, au mlisikia.